Watu wa bondeni wanaogopa nini

Kila masika yanapoujaza Mto Rufiji, maneno huwa ni yaleyale. Kiongozi anawataka wananchi wahame mabondeni, mtangazaji anauliza kwa nini hawasikii, na msikilizaji aliyeko mjini anahitimisha kuwa ni ukaidi au ujinga. Kazi yangu ni mito, na sikubaliani na hitimisho hilo. Mkulima wa bonde la Rufiji anayajua mafuriko kuliko wengi wetu tunaomwonya. Yanayomponza ni mambo mawili ambayo maonyo yetu hayayagusi. La kwanza, mto umebadilishiwa tabia na hakuna aliyekaa naye kumweleza umebadilika vipi. La pili, ukingo wa mto unaomeguka haujawahi kuhesabiwa kuwa maafa, na kwa hilo hata yeye mwenyewe hana hofu inayolingana na hatari iliyopo.

Tuanze na maji. Rufiji unakusanya maji ya eneo la takribani kilomita za mraba 177,000, karibu moja ya tano ya Tanzania Bara. Ruaha Mkuu unashuka kutoka nyanda za Mbeya na Iringa, Luwegu unatoka kusini, na Kilombero, unaoleta zaidi ya nusu ya maji yote, unatoka kwenye bonde lililo kati ya Udzungwa na Mahenge. Kwa hiyo mafuriko yanayofika Utete na Muhoro, huko bondeni chini, mara nyingi si ya mvua iliyonyesha Utete wala Muhoro. Jua linaweza kuwa linawaka kijijini huku maji yakipanda. Watu wa huko hawakuhitaji mtaalamu kuwafundisha hilo. Kilimo chao chote kimejengwa juu yake: mpunga unapandwa Desemba na Januari ili uwe umerefuka kabla mto haujafurika, na maji yakishashuka, kuanzia Juni hivi, udongo uliolowa unapandwa mahindi, maharage na maboga bila kungoja mvua. Kilimo hicho cha baada ya maji wao wanakiita mlau. Mazao ya mlau ndiyo yameziokoa kaya nyingi katika miaka ambayo mvua iligoma. Mabwawa ya asili kama Ruwe, Zumbi na Utunge nayo hujazwa na mafuriko hayohayo, na samaki huingia humo kuzaliana.

Mtu wa aina hiyo ukimwambia kuwa mafuriko ni hatari, anakuona hujui unachosema, kwa sababu kwake mwaka ambao mto haukupanda ni mwaka wa njaa. Anachokiogopa ni furiko la namna fulani. Mpunga una uwezo wa kurefuka pamoja na maji yanayopanda polepole, lakini ukizama wote kwa siku nyingi unaoza. Furiko la Machi linaukuta bado mfupi. La mwishoni mwa Aprili linaukuta na nguvu. Maji yanayokaa hadi Julai yanachelewesha mlau, na yanayokimbia haraka hayaachi rutuba ya kutosha. Kwa hiyo mkulima huyu anapima mambo manne kwa pamoja: kina, wakati wa kuja, kasi ya kupanda, na muda wa kukaa. Sisi tunampelekea jambo moja tu, kwamba kunatarajiwa mvua kubwa na achukue tahadhari. Achukue tahadhari gani, ya kina kipi, kuanzia lini? Taarifa isiyojibu maswali hayo inamwacha pale alipokuwa, akitumia kipimo chake mwenyewe.

Historia ya bonde hili ina somo ambalo tumelisahau haraka. Baada ya mafuriko ya mwaka 1968 serikali iliendesha Operesheni Rufiji, na maelfu ya watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, katika vijiji vipya. Nia ilikuwa njema, na shule na zahanati zilizofuata zilikuwa na faida ya kweli. Sitaki kuidharau kazi ile. Lakini nyumba zilipandishwa na mashamba yakabaki chini. Udongo wa juu ni wa kichanga, hauna rutuba ya bonde, na shamba lisilolala mtu usiku linaliwa na nguruwe, viboko na ngedere. Watu wakafanya ambalo mtu yeyote mwenye watoto wa kulisha angelifanya: wakarudi kwa msimu, wakajenga madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo, wakalala humo kulinda mazao. Zaidi ya miaka 50 baadaye bado tunashangaa kwamba wako bondeni. Hawajawahi kukataa kuhama. Wanaishi sehemu mbili, na sera zetu zinatambua moja tu.

Kuna hoja nyingine ninayoisikia mara kwa mara, hata kwa maofisa wenye elimu nzuri: kwamba watu wa vijijini wanasema mafuriko ni kadari ya Mwenyezi Mungu, na mtu anayeamini kadari hajiandai. Wanaosema hivyo hawajatazama mikono ya wanaowasema. Mzee atakayekujibu kwamba maji ni kazi ya Mungu ndiye huyohuyo aliyeinua dungu lake kwa sababu ya furiko lililopita, akaweka mbegu juu darini, akagawa mashamba yake mawili, moja kwenye mwinuko na moja karibu na mto, ili lisipotoa moja litoe jingine, na mtumbwi wake umefungwa karibu na mlango kuanzia Februari. Jibu la kadari linahusu sababu ya maji kuja. Halihusu la kufanya yakija. Anayemuuliza mtu swali la kwanza kisha akaliandika kama jibu la swali la pili ameharibu utafiti wake mwenyewe, na tafiti za namna hiyo ndizo zinazozaa miradi ya “kuelimisha jamii” isiyo na kitu kipya cha kuifundisha.

Pamoja na hayo, sitaki kuugeuza ujuzi wa wenyeji kuwa kitu kisichokosea. Ujuzi huo ulikuzwa na mto fulani, na mto huo haupo tena. Desemba 2022 bwawa la umeme la Julius Nyerere kwenye Rufiji lilianza kujazwa maji, likiwa na ukuta wa mita 131 na mitambo iliyopangwa kufikia megawati 2,115. Moja ya faida zilizotangazwa ilikuwa kudhibiti mafuriko. Aprili 2024 maji yakaingia Rufiji na Kibiti, yakazamisha mashamba na makazi, katika masika ambayo, kwa taarifa aliyoitoa Waziri Mkuu wa wakati huo bungeni mwezi huo, yaliua watu 155 nchini kote. Papo hapo yakazuka mabishano mawili yasiyokutana. Wanakijiji walisema bwawa limefunguliwa na kuwazamisha. Wakubwa walijibu kuwa ni mvua, na kwamba bila bwawa hali ingekuwa mbaya zaidi.

Kila upande una sehemu ya ukweli, na umma unastahili kuelezwa sehemu hizo zinavyoungana. Bwawa halitengenezi maji. Likiwa na nafasi, linameza kilele cha furiko na kukiachia taratibu, na hapo waliosema linasaidia wako sawa. Likijaa, halina pa kuweka zaidi. Kiasi kinachoingia lazima kitoke. Basi swali la maana kila mwaka ni nafasi kiasi gani imeachwa bwawani kabla ya masika kukolea, na hapo mtu wa umeme na mtu wa mpunga wana matakwa tofauti, kwa kuwa wa kwanza anataka bwawa lijae na wa pili angependa libaki na nafasi. Uamuzi huo ni wa binadamu. Mwanakijiji anapokataa kuuita mvua tupu, hajakosea. Anapodhani kila inchi ya maji ilitoka kwenye lango lililofunguliwa, hapo amekosea, maana mvua za chini ya bwawa nazo zina sehemu yake, na mto usio na bwawa ungeweza kumfikia na kilele kirefu zaidi.

Kuna hasara ya bwawa ambayo sijaisikia ikijadiliwa hadharani hata mara moja: bwawa limefuta dalili. Zamani mtu wa mtoni alisoma furiko kabla halijafika. Maji yalibadilika rangi yakawa mazito ya tope jekundu, yakaleta povu, majani, kisha magogo kutoka juu. Sasa magogo yanakwama bwawani na tope linatua chini ya bwawa. Maji yanaweza kupanda yakiwa yamechujika, bila ishara hata moja ambayo mtu wa mtoni alifundishwa na baba yake. Umemwondolea mtu kengele iliyomlinda kizazi baada ya kizazi. Basi unawajibika kumpa nyingine, na tangazo la jumla la redioni haliwezi kuwa mbadala wake. Wapokomo wa Mto Tana nchini Kenya wameishi na hali ya namna hii kwa miongo, tangu mlolongo wa mabwawa ya Seven Forks ulipokamilishwa, Masinga likiwa la mwaka 1981 na Kiambere la 1988. Kila Masinga linapofurika hutangazwa kwamba watu wa Garissa na Tana River wahame. Lakini mtu wa Hola hajui Masinga kufurika kunamaanisha maji yatafika kwenye goti au kwenye paa lake, wala siku ngapi zimebaki.

Sasa nije kwenye ukingo, kwa kuwa ndio ulionifanya niandike safu hii.

Watu wengi wanaamini ukingo huanguka wakati mto umefura na kunguruma. Sehemu kubwa huanguka baadaye, maji yakishaanza kushuka, na sababu yake ni rahisi kuieleza. Kingo za mito ya mabondeni kama Rufiji mara nyingi ni tabaka: juu udongo mzito wa mfinyanzi, chini mchanga. Kwenye kona, mkondo unabanwa upande wa nje na kwenda kasi, ukaukwangua ule mchanga wa chini hadi mfinyanzi wa juu unaning'inia. Wakati wa furiko ukingo unanyonya maji na kuwa mzito mno, lakini bado hauanguki kwa sababu maji ya mtoni yenyewe yanauegemea kwa nje na kuushikilia. Mto ukishuka, hasa ukishuka haraka, mwegemeo unaondoka na uzito unabaki. Unakuwa kama ukuta wa tope mbichi ulioondolewa mbao kabla haujakauka. Ufa unajichora juu ya ardhi, sambamba na mto, hatua mbili tatu kutoka ukingoni. Baada ya saa au siku chache, kipande chote kinaenda, pamoja na migomba, choo, na wakati mwingine mtu.

Linganisha hilo na kalenda ya mlau. Siku ambazo ukingo uko hatarini zaidi ndizo siku ambazo watu wanateremka kupanda, akina mama wanarudi kufua na kuteka maji, na watoto wanakwenda kuvua samaki waliobaki kwenye madimbwi. Wote wanaamini hatari imepita kwa sababu maji yamepungua. Hapa ndipo uzoefu wa mafuriko unapompotosha mwenye nao, kwa kuwa umemfundisha kuipima hatari kwa kina cha maji, na ukingo unafuata kanuni iliyo kinyume. Bwawa nalo linaongeza tatizo kwa njia mbili. Likipandisha na kushusha maji kwa mahitaji ya umeme, linaufanyia ukingo kushuka kwa haraka mara nyingi zaidi kuliko mto wa asili. Na maji yaliyoacha mchanga wake bwawani yana nguvu ya kubeba mchanga mwingine. Yanauchukua kwenye kingo na kwenye sakafu ya mto huko chini, hadi kwenye delta.

Kwa nini basi ukingo hauogopwi? Nimewasikiliza watu wa Rufiji kwa miaka, na ninaona sababu zinazoeleweka kabisa. Mmomonyoko hauwachukui wote kwa usiku mmoja. Mwaka huu unachukua nusu ya shamba la fulani, mwakani linalobaki, na yeye anaomba kipande kwa shemeji yake. Kijiji hakijaona maafa, kimeona bahati mbaya ya mtu mmoja. Hakuna helikopta inayokuja kupiga picha. Hakuna unga unaogawiwa. Tena mto unapokula huku unalaza fungu la mchanga ng'ambo, na watu wameshaona mafungu hayo yakiota matete kisha yakawa mashamba mazuri, hivyo wanaamini mto unalipa deni lake. Ni kweli unalipa, ila haumlipi aliyepoteza. Na tofauti kubwa kuliko zote ni hii: furiko linachukua mavuno ya mwaka mmoja na kuacha ardhi, pengine ikiwa bora zaidi; mmomonyoko unaichukua ardhi yenyewe.

Kwenye delta kuhama kwa mto namna hii kumetokea kwa kipimo kikubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 sehemu kubwa ya maji matamu ya Rufiji ilihamia mikono ya kaskazini ya delta. Walima mpunga waliyafuata, na mikoko ikakatwa kuyapisha mashamba, na ugomvi wao na wahifadhi haujaisha hadi leo. Wanaowaita wavamizi wa msitu wanasahau kwamba mto ulianza kuhama wao wakafuata. Huko Kilosa, Mto Mkondoa ulivunja tuta lake mwishoni mwa 2009 na kuingia mjini, ukang'oa pia Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, na kipande hicho cha reli kimeendelea kuliwa na mto mara kwa mara. Reli ikiliwa, wahandisi wanakuja ndani ya siku chache. Shamba la mtu likiliwa, haji hata karani wa kuandika.

Dawa mbili zinazopendwa zinahitaji kusemwa ukweli. Upandaji miti kwenye kingo ni mzuri pale ukingo ulipo mfupi na mizizi inafika chini. Kwenye ukingo wa mita tano au sita wima, mto unakula chini ya mizizi, na mti mkubwa unaongeza uzito wa kuanguka. Matete na majani ya asili yaliyoachwa pale chini maji yanapogusa yana kazi kubwa kuliko miti ya sherehe, na hapa wanakijiji nao wana lao la kujibu: kulima hadi ncha ya ukingo na kuyafyeka matete kunaharakisha kupotea kwa shamba lilelile. Mawe yaliyofungwa kwa waya nayo yanafaa kulinda daraja au chanzo cha maji, lakini ukiyatandaza kwenye kona moja unausukuma mkondo ukale kona ya jirani. Matuta marefu yana hatari yake: watu wa Budalang'i, kwenye Mto Nzoia magharibi mwa Kenya, walijengewa, wakajenga na kulima nyuma yake kwa kuyaamini, na yalipopasuka, kama mwaka 2003 na mara nyingine baadaye, maji yaliwakuta mahali ambapo bila tuta wasingethubutu kukaa.

Na sheria? Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwenye mto uliotulia kanuni hiyo ina mantiki. Kwenye Rufiji mstari huo unatembea kila mwaka pamoja na mto; upande wa ndani wa kona mita 60 ni udongo bora kabisa ambao hautishiwi na chochote, na upande wa nje mita 60 zinaweza zisitoshe kwa maisha ya nyumba moja. Kanuni yenye kipimo kimoja kwa pande zote mbili inavunjwa na kila mtu, kisha inatumika kumfukuza yule asiye na wa kumtetea. Ningependa kuona umbali ukipangwa kwa kona, kwa kuangalia ukingo ulivyosogea huko nyuma, jambo ambalo picha za setilaiti za miaka 40 iliyopita zinaonyesha bila gharama kubwa.

Kwa upande wa maji, bodi ya maji ya bonde na wasimamizi wa bwawa watoe taarifa kwa alama ambayo kijiji kinaijua. Ukuta wa shule uchorwe mistari ya mafuriko ya 1998, 2020 na 2024, kisha tangazo liseme: maji yatafika katikati ya mstari wa 2020 na wa 2024, siku fulani, na yatashuka kwa kasi hii. Mkulima akipata kina, siku na kasi ataamua mwenyewe nini avune mapema na nani apande juu, tena ataamua vizuri. Kwa upande wa ukingo, kamati za maafa ambazo Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezishusha hadi kijijini zipewe kazi isiyohitaji fedha nyingi: vigingi vipigwe kwa mstari kutoka ukingoni kwenda ndani, kila baada ya hatua kumi, na kila mwezi mtu asome vilivyobaki na kuandika daftarini. Baada ya misimu miwili mitatu kijiji kitajua kona ipi inakimbia na nyumba ya nani iko zamuni. Ufa sambamba na mto uwe fundisho la darasa la pili, na wiki za kwanza baada ya maji kushuka zitangazwe rasmi kuwa wiki za kukaa mbali na kingo ndefu.

Linabaki suala gumu kuliko yote, la ardhi. Hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inachora shamba kwa mipaka isiyosogea, na mto ukilichukua, mwenye hati anabaki na karatasi ya kipande cha maji. Ng'ambo, fungu jipya la mchanga linakwenda kwa aliyewahi au mwenye nguvu. Mkutano mkuu wa kijiji una mamlaka ya kulipanga hili sasa, kabla ya ugomvi: katika mpango wa matumizi ya ardhi, sehemu ya bonde itengwe kwa ajili ya waliopoteza mashamba, na mafungu mapya yahesabiwe kuwa mali ya kijiji na kugawiwa kwa kufuata daftari la vigingi, aliyepoteza kwanza akipata kwanza. Halmashauri za Rufiji na Kibiti zinaweza kuanza na vijiji vichache kiangazi kijacho, maji yakiwa chini na kingo zote zikionekana.